Mgeni Asidaiwe Nobel Getini

Mdahalo wa mwezi uliopita uliisha saa nne usiku, na baadhi yetu tukaendelea nao vimbwetani mpaka mlinzi akaja kututimua. Hoja iliyokuwa mezani ilikuwa na sehemu mbili. Kwanza, mwanafunzi mwenye hadhi ya ukimbizi alipe ada sawa na mzawa. Pili, yule ambaye vyeti vyake vilipotelea vitani apewe mtihani wa kumpima badala ya kurudishwa getini.

Upande wa kupinga walikuja na methali: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Upande wa kuunga mkono wakajibu kwa methali nyingine: mgeni njoo, mwenyeji apone. Msemaji wao wa mwisho, dada mmoja wa mwaka wa tatu, akamtaja Albert Einstein, Myahudi aliyeikimbia Ujerumani ya Hitler, kisha akatuuliza kama tuna uhakika hatumfukuzi Einstein wetu pale getini. Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Hoja ikapita kwa kura chache, na sasa inasubiri kikao cha Baraza la Wanafunzi.

Nilipiga kura ya ndiyo. Lakini yale makofi yalinikosesha raha. Nilipolala niliziwaza zile methali mbili nikaona kwamba, kwa namna zilivyotumika usiku ule, zinauliza swali lile lile: huyu mgeni ana faida gani kwangu? Moja inamtaka alime, nyingine inamtaka aniponye. Na habari ya vijana wa Kiyahudi waliokimbia Ulaya miaka ya 1930, ambayo dada yule aliigusa kwa jina moja tu, inasema jambo lingine kabisa ukiisoma kuanzia mwanzo badala ya kuanzia mwisho.

Mwanzo wake, kwa sisi wanafunzi, uko vyuoni. Hitler aliingia madarakani Januari 1933. Aprili mwaka huo huo ikatoka sheria ya kuweka ukomo kwa wanafunzi wa Kiyahudi: katika udahili mpya wasizidi asilimia 1.5. Sababu iliyotajwa, na hapa naomba usome taratibu, ilikuwa msongamano. Jina lenyewe la sheria lilisema ni ya kuzuia msongamano katika shule na vyuo vikuu vya Ujerumani. Waliosema pale ukumbini kwamba hosteli zimejaa, hawakosei kuhusu hosteli. Nawaomba tu wajue kwamba neno hilo limewahi kutumika, na lilitumika kwa ajili gani.

Wiki chache baadaye, usiku wa 10 Mei 1933, vitabu vya waandishi wa Kiyahudi na wengine waliochukiwa na utawala vilichomwa moto hadharani katika miji mingi yenye vyuo. Berlin peke yake viliteketea zaidi ya 20,000. Waliopanga moto ule hawakuwa polisi wala wanajeshi. Ulikuwa ni umoja wa wanafunzi, Deutsche Studentenschaft. Yaani watu kama sisi, wenye kamati, katibu na mhuri.

Miaka mitano baadaye, usiku wa 9 kuamkia 10 Novemba 1938, mamia ya masinagogi yalichomwa au kubomolewa, maduka ya Wayahudi yakavunjwa vioo, na wanaume wa Kiyahudi wapatao 30,000 wakakamatwa na kupelekwa kwenye kambi za mateso. Siku chache mbele, watoto wa Kiyahudi waliokuwa wamebaki katika shule za serikali wakaambiwa wasirudi tena. Kwa wazazi wengi hapo ndipo hesabu ilipobadilika. Kama familia nzima haiwezi kutoka, basi angalau mtoto atoke.

Atoke aende wapi? Dunia ilikuwa na taarifa. Julai 1938 wajumbe wa nchi 32 walikutana Evian, Ufaransa, kulijadili suala hili hili. Karibu wote walieleza masikitiko yao, kisha wakaeleza kwa nini kwao haiwezekani. Mwaka 1939 bunge la Marekani lilipelekewa muswada wa kuwapokea watoto 20,000 katika miaka miwili. Ulifia kwenye kamati. Mei mwaka huo meli iitwayo St. Louis iliondoka Ujerumani na abiria 937, karibu wote Wayahudi, ikielekea Kuba. Kuba iliwashusha 28 tu. Marekani nayo ikakataa kuwapokea, meli ikageuza kurudi Ulaya, na baadaye abiria 254 kati yao waliuawa katika mauaji ya halaiki. Hakuna aliyewauliza abiria wale kama kuna mwenye kipaji. Walihesabiwa kwa idadi, wakarudishwa kwa idadi.

Mlango mmoja ulifunguka, tena nusu. Serikali ya Uingereza ilikubali kupokea watoto wasiozidi umri wa miaka 17, bila wazazi wao. Kundi la kwanza lilishuka bandari ya Harwich tarehe 2 Desemba 1938. Mpango huo unajulikana kwa jina la Kijerumani, Kindertransport, maana yake usafirishaji wa watoto. Mtoto aliruhusiwa mzigo mdogo, asibebe kitu cha thamani, akavalishwa kibandiko chenye namba. Baadaye ikatakiwa pia dhamana ya pauni 50 kwa kila mtoto, ili ijulikane nani atamlipia nauli siku ya kuondoka, maana serikali ilitegemea wangekaa kwa muda tu. Mpaka vita ilipoanza Septemba 1939, watoto wapatao 10,000 walikuwa wamevuka. Wengi wao hawakuwaona tena wazazi wao.

Tusimame hapa kidogo. Mtoto wa miaka sita anashuka kwenye treni London, hajui Kiingereza, ana kibandiko shingoni. Faida yake ni ipi? Hana. Aliyemdhamini hakuwa na CV ya kusoma. Mmoja wa watoto wale, Alf Dubs, alitoka Prague mwaka 1939 akiwa na miaka sita. Leo ni mjumbe wa bunge la juu la Uingereza. Mwingine, mzaliwa wa Dortmund, aliondoka akiwa na miaka mitano, pamoja na dada yake wa miaka tisa. Mwaka 1962 akaanzisha kampuni ya programu za kompyuta iliyoajiri karibu wanawake watupu, wengi wakifanyia kazi nyumbani huku wakilea, na akawa anasaini barua zake "Steve" ili wanaume wazisome. Huyo ni Steve Shirley. Lakini mwaka 1939 hao walikuwa vitoto viwili vinavyolia stesheni, sawa na wenzao walioishia kuwa madereva, wauguzi, mafundi cherehani na walimu ambao majina yao hatuyajui.

Kwa msomaji wa gazeti hili, nadhani kijana wa kumfuatilia hatua kwa hatua ni Walter Kohn. Alizaliwa Vienna mwaka 1923, baba yake akiwa na biashara ya postikadi. Ujerumani ilipoimeza Austria Machi 1938, alifukuzwa shule. Agosti 1939, wiki chache tu kabla ya vita, akaingia Uingereza kwa ule mpango wa watoto, akiwa na miaka 16. Mipango yake ya kwanza huko haikuwa fizikia. Alijiunga na mafunzo ya ukulima, kwa sababu alikuwa amewaona wasomi wengi wasio na kazi na akaona shamba lina uhakika zaidi. Mnaosema mgeni apewe jembe, huyu alilifuata mwenyewe. Ugonjwa ndio uliomtoa shambani na kumrudisha shule.

Mei 1940, akiwa ndiyo kwanza ametimiza miaka 17, Waingereza walimkamata. Kosa lake? Pasipoti yake ilikuwa ya Kijerumani, kwa hiyo kwenye makaratasi alikuwa raia wa nchi adui. Mtoto aliyewakimbia Wanazi anafungwa kama mshirika wa Wanazi! Wakampakia melini hadi Kanada, akazungushwa kambi baada ya kambi nyuma ya seng'enge. Humo kambini walikuwamo pia wasomi waliokamatwa kama yeye, nao wakaanzisha madarasa. Mchana alikata miti msituni kwa senti 20 kwa siku, na kwa vijisenti hivyo akaagiza vitabu viwili, kimoja cha hisabati na kimoja cha fizikia ya kemia. Ukijisikia kulalamika kwamba bumu limechelewa, unaweza kuendelea kulalamika, ni haki yako. Mimi nimepunguza kidogo.

Aliachiwa Januari 1942, akapokelewa na familia moja ya Toronto, akaomba nafasi chuo kikuu cha hapo. Hapa ndipo geti lenyewe. Kozi aliyotaka ilidai na kemia, lakini jengo la kemia lilikuwa na shughuli za vita, na mwenye pasipoti kama yake haruhusiwi kukanyaga humo. Bila kemia, hakuna udahili. Kanuni ziko wazi, karani hana kosa, kila mtu anafuata utaratibu. Unalijua hilo jibu, umewahi kupewa dirishani. Kilichomwokoa ni mkuu wa kitivo mmoja, mwanahisabati Samuel Beatty, aliyeamua kwamba njia ipatikane. Kohn na wenzake kadhaa waliotoka kambini wakaingizwa kama wanafunzi maalumu, bila kemia.

Mwaka 1998 Walter Kohn alipewa Tuzo ya Nobel. Ya kemia.

Najua, makofi tena. Ni hadithi tamu kiasi kwamba ni rahisi kusahau sehemu mbili zake. Ya kwanza, wazazi wake waliuawa Auschwitz. Mlango uliofunguliwa kwa mtoto ulifungwa kwa baba na mama, na hakuna tuzo inayolipa pengo hilo. Ya pili, Beatty hakuwa anaona Nobel. Aliona kijana wa miaka 18 mwenye karatasi zenye kasoro, ambaye kasoro ya karatasi hizo haikuwa kosa lake. Hilo lilimtosha. Ndiyo maana nasema tumeianzia hadithi mwishoni. Ukimtetea mkimbizi kwa Einstein, umekubali bila kujua kwamba asiye Einstein arudi alikotoka. Watoto wa Kiyahudi wapatao milioni moja na nusu waliuawa katika vita ile. Kuna wanaopenda kuuliza ni tuzo ngapi zilipotea pamoja nao. Mimi naliona swali hilo baya, maana hata kama wote wangekuja kuwa wauza samaki, walikuwa na haki ya kuwa wauza samaki.

Mtu ataniambia haya ni mambo ya Wazungu, sisi yanatuhusu nini? Basi tuvuke mpaka wa hapo juu tu. Mwaka 1938 mtoto wa Kiyahudi aitwaye Stefanie Zweig, mwenye miaka kama sita, alifika Kenya na mama yake kumfuata baba. Baba alikuwa mwanasheria Ujerumani. Kenya akawa mfanyakazi wa shamba. Vita ilipoanza wakoloni wa Kiingereza walimweka kizuizini kwa sababu ile ile iliyomfunga Kohn. Binti alikua akiongea Kiswahili na watu wa shambani, akasoma Kenya, na mwaka 1947 familia ikarudi Ujerumani, baba akaenda kuwa hakimu Frankfurt. Stefanie akawa mwandishi wa habari. Riwaya yake ya miaka ile, Nirgendwo in Afrika, ilitoka mwaka 1995, na filamu yake ikachukua Oscar mwaka 2003. Kwa hiyo ardhi hii imeshawahi kuwa mahali pa kukimbilia watu wa Ulaya. Na tukumbuke nani aliitawala wakati huo: wenyeji hawakuulizwa kama wageni wapokelewe, ila wao ndio waliowafundisha wageni lugha na namna ya kuishi hapa.

Mwingine atasema, mbona Wayahudi, na Wapalestina je? Swali ni halali. Zaidi ya watu 700,000 walipoteza makazi yao ilipoundwa dola ya Israeli mwaka 1948, na watoto wa wajukuu zao wanakimbia hadi leo. Kipimo ninachokitetea kinawahusu hao sawasawa. Mtoto aliyepanda treni Prague mwaka 1939 hawajibiki kwa siasa za dola yoyote, na mtoto wa Gaza vilevile. Alf Dubs mwenyewe, uzeeni, alipigania sheria ya mwaka 2016 ya kuwaingiza Uingereza watoto wakimbizi waliokuwa peke yao Ulaya. Hakuchagua watoto wa dini yake.

Sasa turudi nyumbani. Mimi ni mtoto wa Kasulu. Nimekua nikiona malori ya kwenda Nyarugusu kama nyie mnavyoona mwendokasi. Enzi zile soko la pamoja kati ya kambi na wenyeji likiwa wazi, nilipata rafiki, Mkongo wa upande wa Uvira, tuliyekuwa tunabadilishana madaftari. Alifaulu mitihani aliyofanyia kambini. Akaomba chuo kimoja. Akaambiwa alete cheti halisi cha shule aliyoanzia, na shule hiyo haipo tena, imebaki ukuta. Barua yake ya mwisho kwa ofisi hiyo haikujibiwa. Mpaka leo yuko kambini anafundisha watoto hesabu. Je, ana akili ya Nobel? Kusema kweli sidhani. Kwenye hesabu tulikuwa tunapishana alama mbili tatu, na mimi mwenyewe nimeshakula sapu humu ndani. Anataka kuwa mwalimu mwenye cheti. Basi.

Huyo ndiye ninayempigia kura. Si Einstein.

Kwa wenzangu mliopinga, sitajifanya hoja zenu ni upuuzi. Vitanda ni vichache, mikopo haitoshi, na mtoto wa mkulima wa hapa naye anahangaika. Lakini hebu tuitazame hoja kama ilivyoandikwa. Haimtoi mtu kitandani kwake, wala haigusi fungu la mikopo. Inaomba mambo mawili: ada isiyomtoza mkimbizi kama mtalii, na mtihani mahali pa karatasi iliyoungua. Mtihani maana yake ni kwamba anaweza kufeli, na akifeli atakwenda, kama sisi tunavyodisko. Hatumwombei upendeleo. Tunamwombea nafasi ya kufeli kihalali.

Na kwa wanaosema umoja wa wanafunzi hauna nguvu, nimeshawaonyesha Mei 1933. Sasa tazameni upande wa pili. Mwishoni mwa 1938, baada ya habari za ule usiku wa Novemba kufika Marekani, wanafunzi wa Harvard walianza kuchangisha fedha ili wenzao waliofukuzwa vyuo vya Ujerumani wapate kuendelea na masomo. Chuo nacho kikaahidi ufadhili wa nafasi 20. Nafasi 20, mbele ya msiba mkubwa namna ile, ni tone. Ila kwa yule aliyeipata moja kati ya hizo 20, haikuwa tone.

Hata Ujerumani yenyewe ilijifunza. Tangu 1992 serikali yake inatoa fedha za ufadhili wa vyuo vikuu kwa vijana wakimbizi, kupitia shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, na ufadhili huo, unaofika mpaka ukanda wetu huu, umepewa jina la Albert Einstein. Shirika hilo limeweka lengo kwamba ifikapo 2030 asilimia 15 ya vijana wakimbizi wawe wamefika elimu ya juu. Fedha za kutoka nje zipo, hata kama ni chache. Kinachokosekana mara nyingi ni chuo cha kusema: njoo tukupime.

Na kwa nchi yetu, msisahau mwaka 2014 Tanzania iliwapa uraia Warundi wapatao 162,000, wale waliokimbia mwaka 1972 na uzao wao. Hawakufanyiwa usaili wa vipaji. Wengi wao ni wakulima, na wako hapa, wanalima, wanalipa kodi, watoto wao wengine pengine unakaa nao benchi moja usijue. Kwa hiyo tunaweza. Tumeshafanya jambo kubwa kuliko hili tunaloombwa.

Kikao cha Baraza kinakuja. Kila darasa lina mwakilishi, na kila mwakilishi ana kura moja. Mtafute wako kabla ya siku yenyewe, muulize atapigaje. Akikwambia atakubali kwa sababu huenda tukapata Einstein, mshukuru, kisha mwambie kuna kijana Nyarugusu anayefundisha hesabu bila cheti, mwenye akili za kawaida kama zetu, na kwamba hata huyo ni sababu tosha.